Saratani ya kinywa iliyofika mbali: maswali kuhusu kuunganisha upasuaji, mionzi na dawa

Haya ndiyo maswali ambayo wagonjwa na ndugu zao huyakumbuka wakishatoka chumba cha daktari, baada ya kuitikia "ndiyo, ndiyo" kwa mambo ambayo hawakuyaelewa. Yanahusu saratani ya ulimi, fizi, shavu kwa ndani, sakafu ya kinywa na kaakaa gumu, hasa ile inayoanzia kwenye utando wa ndani ya mdomo, ambayo ndiyo wanayopata wagonjwa takriban tisa kati ya kumi. Saratani ya koo ni jirani yake, lakini hutibiwa kwa mpangilio mwingine.

"Imefika mbali" maana yake nini? Ndiyo kusema haitibiki?

Hapana. Watu wengi hukata tamaa hapa kabla ya wakati. Saratani ya kinywa huitwa iliyofika mbali ikiwa hatua ya tatu au ya nne. Uvimbe wenye upana unaozidi sentimita 4, au uliozama ndani ya nyama zaidi ya milimita 10, tayari umefika hapo. Kidonda kidogo nacho huhesabiwa hatua ya tatu kikishatuma mbegu kwenye tezi moja tu ya shingoni. Ukiona namba 4 kwenye karatasi yako, angalia herufi inayoifuata kabla ya kulia. IVA mara nyingi ina maana kwamba saratani imeingia kwenye mfupa wa taya au ngozi ya uso, au kwenye tezi kadhaa za shingo, na bado inaweza kukatwa ikaondoka. IVB imezingira sehemu zisizokatika kwa urahisi, kama mshipa mkubwa wa damu wa shingoni au chini ya fuvu. IVC ndiyo iliyokwenda viungo vya mbali, mara nyingi mapafu.

Mgonjwa wa IVA na wa IVC wote huambiwa "hatua ya nne", lakini safari zao hazifanani. Omba uandikiwe herufi.

Kwa nini tiba moja haitoshi?

Kwa sababu kila tiba ina mahali isipofika. Kisu cha daktari huondoa kinachoonekana na kinachoshikika, lakini saratani iliyokomaa huacha vijichembe kando ya mishipa ya fahamu na ndani ya tezi za shingo, vidogo mno kuonekana kwa macho au hata kwa kipimo cha CT. Mionzi huwafikia hao waliobaki, lakini hushindwa na uvimbe mkubwa ulioingia kwenye mfupa, ambako hewa ya oksijeni ni haba na seli huvumilia mionzi. Dawa za kemo kama sisplatini huharibu uwezo wa seli kujirekebisha baada ya kupigwa na mionzi. Katika tiba hii kazi yake kubwa ni hiyo ya kuinolea mionzi makali. Kwa saratani ya kinywa iliyofika mbali, kemo peke yake haiponyi.

Kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli. Ila kila tiba inayoongezwa huongeza pia madhara, na mwili unaoyabeba yote ni mmoja. Kwa hiyo kila nyongeza iulizwe: inazuia nini ambacho zile nyingine zimeshindwa kuzuia?

Mpangilio wa kawaida ni upi?

Kama uvimbe unakatika, huanza upasuaji. Daktari hukata uvimbe pamoja na ukingo wa nyama nzima unaouzunguka, kwa kawaida karibu sentimita moja kila upande, huondoa tezi za shingo za upande husika (au pande zote mbili ikiwa uvimbe umevuka katikati), kisha huziba pengo. Nyama yote hupelekwa maabara. Majibu ya maabara ndiyo yanayoamua kinachofuata, kwa hiyo msishangae daktari akikataa kuwaahidi mpango kamili kabla hayajatoka.

Baada ya kidonda kupona hufuata mionzi. Dozi ya kawaida ni Gy 60 (Gy, yaani grei, ni kizio cha kupimia mionzi), ikigawanywa katika siku 30 za tiba, yaani siku tano kwa wiki kwa wiki sita. Penye hatari kubwa huongezwa hadi Gy 66. Inatakiwa ianze ndani ya wiki sita tangu siku ya upasuaji.

Hayo yote huamuliwa vizuri zaidi na jopo: daktari wa upasuaji, daktari wa mionzi, daktari wa dawa za saratani, daktari wa meno, mtaalamu wa lishe na wa usemi, wakiwa wameketi pamoja kabla ya kisu cha kwanza. Ukiona kila mmoja anakupangia lake bila kuzungumza na mwenzake, una haki ya kuuliza ni nani anayeshika usukani.

Jirani yangu alikuwa na saratani ya koo, akatibiwa kwa mionzi na kemo bila kukatwa. Kwa nini mimi nikatwe?

Kwenye koo, kukata mara nyingi ni kupoteza kisanduku cha sauti, na mionzi pamoja na kemo hufanya kazi nzuri huko. Aidha, saratani nyingi za nyuma ya ulimi na za tonsili husababishwa na kirusi cha HPV, na hizo huitikia mionzi vizuri sana. Zile za ndani ya kinywa chanzo chake kikubwa ni tumbaku, pombe na popoo inayotafunwa kwenye tambuu, na huwa sugu zaidi. Tena zimekaa karibu na mfupa wa taya, ambao ukipewa dozi kubwa ya mionzi unaweza kufa na kuoza miaka kadhaa baadaye. Upande wa pili, kinywa kinafikika kwa kisu kwa urahisi kuliko koo. Mionzi na kemo bila upasuaji hubaki kwa wale ambao uvimbe wao haukatiki, wasioweza kuhimili upasuaji, au waliokataa kukatwa wakiwa wanaelewa wanachokikataa.

Nani anahitaji sisplatini juu ya mionzi?

Swali hili lilipata jibu zuri mwaka 2004, majaribio mawili makubwa, moja la Ulaya na jingine la Marekani, yalipochapishwa pamoja. Watafiti walipounganisha takwimu zake, ilionekana kwamba waliofaidika wazi na kemo ni makundi mawili: wale ambao ukingo wa nyama iliyokatwa ulikutwa na saratani, na wale ambao saratani ilikuwa imepasua ganda la tezi ya shingo na kutoka nje. Ukiwa na mojawapo ya hayo, tarajia kupendekezewa sisplatini. Usipokuwa nayo, mionzi peke yake mara nyingi inatosha, hata kama tezi moja au mbili zilikutwa na saratani ndani ya ganda lake.

Kwa hiyo ukipewa majibu ya maabara, tafuta mambo hayo mawili kwanza. Mengine yote yanaweza kusubiri.

Dozi iliyotumika kwenye majaribio hayo ni miligramu 100 kwa kila mita ya mraba ya mwili, siku ya 1, ya 22 na ya 43 ya mionzi. Ni dozi nzito: hutapisha, huumiza figo, na huweza kuacha masikio yakivuma au yasisikie sauti nyembamba, hali ambayo mara nyingi hairudi nyuma. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa waliokwisha kukatwa, miligramu 40 kwa kila mita ya mraba kila wiki haikuwa duni, na figo na masikio yaliumia kidogo. Lakini kupunguza kupita kiasi kuna hasara. Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai ilipolinganisha miligramu 30 kila wiki na zile 100 za kila wiki tatu, dozi ndogo ilishindwa kuzuia saratani kurudi mahali pake kwa kiwango kile kile.

Kama figo au masikio hayaruhusu sisplatini, ipo dositakseli, dawa nyingine ya kemo, ya dozi ndogo kila wiki, ambayo watafiti wa India walionyesha mwaka 2023 kwamba huongeza uhai ikilinganishwa na mionzi peke yake. Na kwa mtu aliyepita miaka 70, faida ya kuongeza kemo hupungua sana. Mzee anayeambiwa mionzi inamtosha hajatupwa.

Kwa nini tusianze na kemo ili uvimbe unywee kwanza?

Wazo hili linavutia, na uvimbe mara nyingi hunywea kweli. Tatizo ni kwamba kunywea si kupona. Huko Shanghai wagonjwa 256 wa hatua ya tatu na IVA waligawanywa, nusu wakapewa dawa tatu za kemo kabla ya upasuaji, nusu wakakatwa moja kwa moja. Matokeo ya mwaka 2013 hayakuonyesha tofauti ya uhai. Hatari yake ni hii: mgonjwa akiona kidonda kimefunga baada ya mizunguko miwili, huahirisha kukatwa. Saratani haijaahirisha chochote. Inaporudi, huwa inakuja na seli zilizokwisha kuizoea dawa.

Pana nafasi moja ambapo njia hii ina maana: uvimbe ulio mpakani, ambao leo haukatiki lakini ukinywea kidogo ungekatika. Hapo jopo likipendekeza kemo kwanza, liulize mapema: tukishaona umenywea, upasuaji ni tarehe ngapi?

Nimesikia kuhusu tibakinga. Ni ya kweli au ni mbwembwe?

Ni ya kweli, ila haimfai kila mtu. Seli za saratani hujifunika kwa protini ziitwazo PD-L1 ili askari wa kinga ya mwili wazipite bila kuzigusa. Pembrolizumabu na nivolumabu huzuia ujanja huo.

Kwa miaka mingi dawa hizi zilitumika tu kwa saratani iliyorudi au iliyosambaa. Mambo yalibadilika mwaka 2025, jaribio la wagonjwa 714 wenye saratani za kichwa na shingo zinazokatika lilipotoa majibu. Wengi wao walikuwa na saratani ya kinywa. Nusu walipewa pembrolizumabu mara mbili kabla ya upasuaji, kisha pamoja na mionzi na baada yake, hadi dozi 15 zaidi. Baada ya miaka mitatu, asilimia 57.6 ya waliopata dawa walikuwa hai bila ugonjwa kuendelea au kurudi, dhidi ya asilimia 46.4 ya waliotibiwa kwa njia ya kawaida. Juni 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mpango huo kwa wale ambao uvimbe wao una PD-L1 ya kiwango cha 1 au zaidi.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, kinyama cha mwanzo, kile kilichochukuliwa kuthibitisha saratani, kipimwe PD-L1 kabla ya kukatwa, maana mpango huu huanza kabla ya kisu. Pili, kinga iliyofunguliwa breki huweza kushambulia mwili wenyewe: tezi ya thairoidi, mapafu, ini, utumbo. Mwenye ugonjwa wa kinga kujishambulia au aliyepandikizwa figo aseme mapema.

Kwa wale ambao saratani yao imekwisha kurudi au kusambaa, watafiti wa Mumbai walijaribu kitu cha busara: nivolumabu miligramu 20 tu kila wiki tatu, sehemu ndogo sana ya dozi ya kawaida, pamoja na vidonge vya bei nafuu. Baada ya mwaka mmoja asilimia 43.4 walikuwa hai, dhidi ya 16.3 ya waliopata vidonge peke yake. Ni habari njema kwa wasiomudu dozi kamili, nayo ilistahili kelele kubwa kuliko iliyopata.

Daktari amesema niende kwa daktari wa meno kabla ya mionzi. Ni lazima?

Lazima. Mionzi hukausha mate, na bila mate meno huoza haraka ajabu, yakianzia shingoni mwa jino. Jino bovu likija kung'olewa kwenye taya lililopigwa mionzi, shimo laweza lisifunge na mfupa ukafa. Meno mabovu yang'olewe kabla, ikiwezekana wiki mbili kabla ya mionzi kuanza, au kwenye upasuaji ule ule. Yanayobaki yapakwe floraidi kila siku, maisha yote. Na ukija kuumwa jino miaka kumi baadaye, neno la kwanza kwa daktari wa meno liwe: "Nilipigwa mionzi hapa."

Wakikata ulimi au taya nitakulaje? Nitaongeaje?

Pengo haliachwi wazi. Kwa ulimi hutumika kipande cha ngozi kutoka mkononi karibu na kifundo, au cha paja, pamoja na mishipa yake ya damu inayounganishwa na ile ya shingo chini ya hadubini. Kwa taya hutumika mfupa mwembamba wa mguuni, ule ulio upande wa nje wa muundi; mtu hutembea bila huo. Panapokosekana mtaalamu wa kuunga mishipa, nyama ya kifuani huvutwa juu hadi mdomoni na hufanya kazi kwa uaminifu.

Siku za mwanzo ni ngumu. Huenda ukawa na tundu la kupumulia shingoni na mrija puani wa kulishia, na manesi watakuja kuangalia kiraka kila saa hata ukiwa umelala. Wasikuudhi: damu ikiganda kwenye mshipa ule mdogo, saa chache ndizo za kuokoa kiraka. Usemi hurudi kulingana na ulimi uliobaki. Aliyebaki na nusu ya ulimi mara nyingi huongea akaeleweka. Aliyekatwa wote hupata shida kubwa zaidi, na aambiwe hivyo kabla ya kutia sahihi.

Wiki za mionzi zitakuwaje?

Wiki mbili za mwanzo humdanganya mtu. Hakuna kinachouma wakati mashine inapiga, na wengi husema "mbona rahisi". Kisha wiki ya tatu mdomo huanza kuwaka, utando hutoka vidonda, ladha hupotea, mate huwa mazito kama ute wa yai. Hali hupanda hadi siku ya mwisho, na huendelea kama wiki mbili baada ya hapo. Hili watu hawaambiwi vya kutosha: tiba ikiisha, maumivu hayaishi siku hiyo.

Kinachowaangusha wengi ni kupungua uzito. Jipime kila wiki. Ukiona unateremka, kubali mrija wa kulishia mapema; ni wa muda. Lakini hata ukiwa na mrija, meza mate na maji kila siku, kwa sababu misuli ya kumezea isipotumika hukakamaa. Fungua mdomo kwa mazoezi mara kadhaa kwa siku ili taya lisikaze. Taya lililokwisha kukaza ni vigumu kulifungua tena. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, si kwa dawa za kusukutua zenye spiriti. Maumivu yakihitaji mofini, tumia mofini. Kuivumilia njaa kwa sababu unaogopa dawa ni hasara mbili.

Nikikosa siku chache za mionzi kuna shida?

Kuna shida. Seli za saratani zinazobaki huongezeka kwa kasi katikati ya tiba, na kila siku inayopotea hupunguza uwezo wa kuzuia saratani mahali pake kwa takriban asilimia moja. Mashine ikiharibika au sikukuu ikiingia kati, uliza watafidiaje, maana zipo njia, kama kupigwa mara mbili siku moja kwa kuachanisha saa sita. Madaktari huhesabu pia muda wote tangu kisu hadi mionzi ya mwisho, na hupenda usizidi kama siku 100. Ndiyo maana mtu anayekaa nyumbani miezi miwili baada ya upasuaji "apate nguvu kwanza" huwa ameipoteza sehemu ya tiba yake.

Niendelee na sigara, au na tumbaku ya kutafuna?

Acha leo, si baada ya tiba. Wanaovuta wakati wa mionzi hupona kwa kiwango cha chini, na viraka vyao hupona vibaya.

Vipi dawa za mitishamba?

Mweleze daktari kila unachokunywa. Baadhi ya mimea huumiza figo na ini, na sisplatini tayari inazielemea figo. Kinachoua zaidi, hata hivyo, ni miezi inayopotea kabla ya kuja hospitali. Kuhusu sukari: kuacha wanga hakuinyimi saratani chakula, humkondesha mgonjwa tu.

Kama imerudi au imesambaa, bado kuna kuunganisha?

Ndiyo, ila lengo hubadilika. Ikirudi mahali pamoja na ikakatika, upasuaji wa pili unaweza kuponya. Ikisambaa, huunganishwa pembrolizumabu na kemo, au setuksimabu (dawa inayolenga protini iliyo juu ya seli za saratani) na kemo, kurefusha maisha na kupunguza dalili. Tiba shufaa iingie siku hiyo hiyo, isingoje mgonjwa aishiwe. Kazi yake ni maumivu, harufu ya kidonda, kutokwa damu, usingizi, na mazungumzo ambayo familia inayaogopa.

Nikimaliza, nitafuatiliwa vipi?

Saratani nyingi zinazorudi hurudi ndani ya miaka miwili ya kwanza, kwa hiyo mwaka wa kwanza utaonwa kila mwezi mmoja hadi mitatu, kisha kwa nafasi zaidi. Kipimo cha PET (picha inayoonyesha mahali seli zinapofanya kazi kwa kasi), kikiwepo, husubiri kama wiki 12 baada ya mionzi. Kikifanywa mapema, vidonda vinavyopona huonekana kama saratani. Thairoidi ipimwe damu kila miezi sita hadi kumi na miwili, maana mionzi ya shingo huilegeza polepole, na mtu anayejiona mchovu na mwenye baridi siku zote huenda hana saratani bali hana homoni hiyo. Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona kidonda kisichofunga kwa wiki mbili, kivimbe kipya shingoni, ganzi ya kidevu, au sikio la upande mmoja linalouma wakati sikio lenyewe halina kasoro.